Baiskeli ya Umeme: Nguvu Ipitie Wapi?

Mteja akiingia dukani kutafuta baiskeli ya umeme, kitu cha kwanza anachoulizia ni wati. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana kibandiko cha 1000W hubandikwa mahali pa kuonekana. Baiskeli ya pembeni yake imeandikwa 500W, basi mteja anahitimisha kwamba ile ya kwanza ina nguvu mara mbili. Naona hapo ndipo ununuzi mwingi unapoharibikia. Wati zinaeleza kiasi cha nguvu, hazielezi nguvu hiyo inaifikiaje barabara. Baiskeli mbili zenye wati sawa zinaweza kukutana na mlima mmoja, moja ikapanda na nyingine ikaunguza nyaya zake.

Namba yenyewe pia si ya kuaminiwa hivi hivi. Katika Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida mradi mota isizidi wati 250 za mfululizo na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliweka mpaka wa wati 750 na maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. China, kiwango kilichotolewa mwaka 2018 kiliweka mpaka wa wati 400, kilomita 25 kwa saa, na baiskeli nzima isizidi kilo 55. Kila mtengenezaji huandika namba inayoiridhisha sheria ya soko lake. Mota ya Bosch Performance Line CX imeandikishwa kwa wati 250, lakini kwa muda mfupi inaweza kufikisha wati 600 au zaidi, na nguvu yake ya kuzungusha imefika nyutoni-mita 85 au zaidi. Upande wa pili zipo mota zilizoitwa 1000W kwa sababu ya kilele ambacho zinakimudu kwa sekunde chache tu.

Swali la maana zaidi ni mota ikae wapi, na lina umri wa zaidi ya karne. Mwisho wa mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, bila gia yoyote. Mwaka 1897 Hosea Libbey wa Boston akapata hataza ya baiskeli ambayo mota zake zilikaa katikati, penye ekseli ya pedeli. Ndani ya miaka miwili njia zote mbili kuu tunazozijua leo zilikuwa zimeshaandikwa. Kisha petroli ikalifunika wazo lote, hadi Yamaha ya Japani ilipotoa PAS mwaka 1993, ikiwa na kifaa kinachopima mguu unakandamiza pedeli kwa nguvu kiasi gani na kuongeza msaada kwa kadiri hiyo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2023, Ujerumani iliuza baiskeli za umeme takriban milioni 2.1, nyingi kuliko za kawaida.

Lakini baiskeli ya Mjerumani hubeba mtu mmoja na mkoba wake. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Boda boda yenyewe ilianzia kwenye baiskeli, mpakani Busia katika miaka ya 1960, na mpaka leo Shinyanga, Tabora na Kisumu zipo baiskeli zinazobeba abiria, magunia ya mkaa, makreti ya soda na madumu ya maji. Anayechagua mota kwa matumizi haya asikubali vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya mwingine. Aanze na uzito wote: yeye, baiskeli, betri na mzigo.

Tuanze na mota ya kitovu, kwa kuwa ndiyo nyingi na ndiyo rahisi. Aina yake ya kwanza ina gia ndani. Nimeiona ikifunguliwa mezani kwa fundi. Kifuniko kikitoka, kinachoonekana ni grisi, na ndani ya grisi gia tatu nyeupe za nailoni, kila moja na upana wa takriban sentimita nne, zikiizunguka gia ndogo ya chuma. Mota ya ndani huzunguka mara nne au tano kila gurudumu linapozunguka mara moja, na gia hizo tatu ndizo zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu. Ipo pia klachi ya upande mmoja, inayoliacha gurudumu liende huru mota ikizimwa. Katika ile niliyoiona, gia moja ilikuwa imelika meno upande mmoja hadi yamebaki makali, na vumbi lake jeupe lilikuwa limechanganyika na grisi pembezoni. Fundi aliziinua zote tatu kwa bisibisi, akafuta, akapachika mpya. Mota yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Watu wengi wakiona nailoni hudhani wamepunjwa. Mimi nadhani ni uamuzi wa busara. Nailoni haipigi kelele, na mzigo ukizidi, kinachokufa ni gia ya bei ndogo badala ya koili za shaba. Gia za chuma za kubadilishia zinauzwa, ila zinanguruma na zinapeleka mshtuko wote kwenye klachi na ekseli. Sharti ni moja: gia za akiba ziwe zinapatikana.

Aina ya pili ya mota ya kitovu haina gia kabisa. Sumaku zimebandikwa kwenye ganda la nje na gurudumu lenyewe ni sehemu ya mota. Ni pana na nzito, mara nyingi kilo tano au zaidi, na ikizimwa unausikia mguuni ukinzani wa sumaku. Faida yake ni kwamba hakuna cha kulika isipokuwa beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka. Faida hii ya mwisho hutangazwa kupita kiasi. Kwenye njia tambarare unachorudisha ni kidogo sana. Kwenye mteremko mrefu inasaidia, hasa kuziokoa breki zisiungue, isipokuwa kama unaishi mlimani: ukiondoka nyumbani asubuhi betri imejaa, haina nafasi ya kupokea chochote.

Aina zote mbili zina udhaifu mmoja, nao ndio kiini cha suala hili. Mota ya kitovu imefungwa kwenye gurudumu kwa uwiano usiobadilika. Gurudumu la inchi 26 huzunguka karibu mara 200 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 25 kwa saa, na mota imesukwa iwe na raha karibu na hapo. Mlimani ukishuka hadi kilomita 10 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 80 tu. Nguvu ya kuzungusha huenda sambamba na ampea zinazopita kwenye koili, lakini joto hupanda kwa mraba wa ampea hizo: ukiidai mota nguvu maradufu, joto linakuwa mara nne. Chukua uzito wote wa kilo 200 kwenye mwinuko wa asilimia sita. Kuusukuma kunahitaji nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 45 hivi gurudumuni, nao ni mpaka wa mota nyingi ndogo za kitovu. Dakika mbili tatu itavumilia. Robo saa itaanza kunuka vanishi inayoungua, na gia nzuri ulizonazo za pedeli zinaisaidia miguu yako tu, hazimfikii aliye kitovuni.

Mota ya kati huondoa kizuizi hicho. Imekaa penye kranki, nguvu yake inaingia kwenye sproketi ya mbele na kupita kwenye cheni ileile inayopitisha nguvu ya miguu, kwa hiyo kila gia ya baiskeli ni gia ya mota pia. Mlima ukija unashusha gia, gurudumu linakwenda polepole huku mota ikiendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda. Uzito nao unakaa chini katikati, na gurudumu la nyuma hutoka kwa pancha bila kufungua waya wowote.

Gharama yake inalipwa na cheni. Nguvu ya mguu pamoja na ya mota zinavuta pingili zilezile, na cheni nyembamba za baiskeli zenye sproketi kumi au kumi na moja nyuma hazikusukwa kwa ajili ya gunia la viazi. Cheni ikirefuka hula sproketi, na sproketi iliyolika huila cheni mpya. Anayepanda milima na mzigo lazima aipime cheni yake mara kwa mara na kuibadilisha kabla haijarefuka kwa asilimia moja, na kwenye vumbi letu hilo hufika mapema kuliko vitabu vya watengenezaji vinavyosema. Kwa hiyo napendelea mota ya kati iliyounganishwa na cheni pana na gia za ndani ya kitovu, tatu au tano, kuliko rundo la sproketi za nje. Gia hizo zimefungiwa kwenye mafuta, na mchanga hauzifikii. Uhakikishe tu kwamba kitovu hicho kimeruhusiwa kupokea nguvu ya mota unayoinunua.

Hapa lipo kosa ambalo wauzaji hawalisemi. Mota ya kati kwenye baiskeli isiyo na gia haina maana. Baiskeli ya Phoenix ya kawaida ina sproketi moja mbele na moja nyuma. Ukiifunga mota ya kati, uwiano unabaki mmoja kama wa kitovu, na juu yake umeongeza mzigo kwenye cheni. Umelipa zaidi kwa shida zaidi.

Tuone barabara halisi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, na unapanda karibu mita 1,000. Kuinua kilo 100, yaani mtu na baiskeli yake, kwa mita hizo kunadai wati-saa 272, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa tairi na umeme unaopotea kuwa joto. Ukiongeza hayo unakaribia wati-saa 450. Betri ya kawaida ya wati-saa 500 itakufikisha bila kukanyaga pedeli, lakini kwa kubahatisha. Ukikanyaga kwa bidii ya kawaida, ukatoa wati 100 zako ambazo mtu mzima mwenye afya anazimudu kwa saa nzima na zaidi, unafika na akiba nzuri. Sasa weka kilo 200. Kuinua peke yake kunadai wati-saa 545, na betri hiyo inakuacha njiani. Hesabu hii haimhurumii mwenye mota kubwa wala ndogo. Mota huamua kama utapanda bila kuungua. Betri huamua kama utafika. Vijana wa Burundi wanaoteremsha ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, kisha wakajishikiza nyuma ya malori kupanda tena, wanahatarisha maisha kwa sababu ya nishati hiyohiyo, na kwao mwinuko ni mkubwa kuliko huu wa Lushoto.

Sehemu tambarare mambo ni mengine kabisa. Tanga mjini, Mji Mkongwe, Kisumu, Tabora, Dar es Salaam kwa sehemu kubwa: mota ya kitovu yenye gia za nailoni inatosha, na kwa mtu mmoja wati 250 hadi 350 za kweli zinatosha. Wengi wataifunga kwenye baiskeli waliyonayo, na hapo mafundi wanapaswa kuwa macho. Gurudumu la Phoenix la inchi 28 lina kipenyo cha kukalia tairi cha milimita 635. Gurudumu la mota linalouzwa kwa jina la 28 kwa kawaida ni la milimita 622. Jina ni moja, tairi haziingiliani. Nafasi ya ekseli ya nyuma kwenye fremu nyingi za kizamani nayo ni finyu kuliko milimita 135 ambazo mota nyingi za nyuma zinahitaji. Ndiyo maana wengi huishia kuifunga mota mbele. Foki ya chuma inavumilia. Ya alumini inaweza kuvunjika ghafla. Na popote mota itakapofungwa, ekseli yake inasukumwa kuzunguka kinyume na gurudumu. Bila kipande cha chuma kinachoishika ekseli hiyo kwenye fremu, nati hulegea, ekseli inajizungusha, inakata waya zake, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Breki za fito zilizokuja na baiskeli hizo hazifai tena. Zilikuwa zinahangaika kusimamisha mzigo kwa mwendo wa mguu, sembuse kilomita 25 kwa saa kwenye lami iliyolowa. Anayeweka mota aweke na breki za diski, au angalau breki za kubana rimu zenye mpira mpya, na mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme papo hapo.

Kuna jambo dogo linalobadilisha kabisa namna baiskeli inavyoendeshwa, nalo ni jinsi mota inavyojua kwamba unataka msaada. Za bei nafuu zina kisahani chenye sumaku kwenye kranki: pedeli zikizunguka, mota inawaka, haijalishi unakanyaga kwa nguvu au unazungusha tu. Inachelewa kidogo kuanza na inachelewa kidogo kuacha. Kwenye barabara wazi huoni tatizo. Kwenye msongamano wa Kariakoo, baiskeli inayoruka mbele nusu sekunde baada ya wewe kusita ni hatari kwa mtembea kwa miguu, na kwenye mchanga gurudumu linateleza. Kihisi kinachopima nguvu ya mguu hufuata nia yako bila kuchelewa, na pia kinakufanya uchangie, jambo linaloongeza umbali wa betri. Kama mfuko unaruhusu kuongeza kitu kimoja, ningeongeza hicho kabla ya wati. Akseleta ya mkononi ina nafasi yake kwa mwenye abiria, kuondoka tu mataa yakiruhusu, lakini anayeitumia safari nzima atashangaa betri ya kilomita 50 ikiisha kwa 25.

Betri ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote na ndiyo inayoweza kuua. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha, si volti peke yake. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina nishati sawa na ya volti 48 na ampea-saa 10.5. Halafu uliza kemia yake. Litiamu ya kawaida ya volti 48 ina seli 13 kwa mfululizo na hujaa kwenye volti 54.6. Ya litiamu-chuma-fosfeti huwa na seli 16, nayo hujaa kwenye volti 58.4. Zote mbili dukani huitwa betri ya 48. Chaja ya pili ikichomekwa kwenye betri ya kwanza, kinachosimama kati yako na moto ni bodi ya ulinzi ndani ya betri, ikiwa ipo na ni nzima. Jijini New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za litiamu, na mwaka huohuo jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme zisizo na cheti cha usalama cha UL 2849. Kwetu betri zilizounganishwa upya kwa seli za kompyuta zilizochoka zinauzwa bila swali. Ningemsihi kila mwenye familia asiiingize betri ya namna hiyo ndani, asiichaji usiku watu wamelala, na kamwe asiichaji mlangoni ambapo moto utaziba njia ya kutokea.

Kwa joto la pwani, fosfeti inafaa zaidi: ni nzito kidogo lakini inastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi na haiwaki kirahisi. Gharama ya kuichaji haina uzito. Kwa bei ya umeme wa nyumbani Tanzania ya shilingi 350 hivi kwa uniti, kuijaza betri ya wati-saa 500 ni kama shilingi 200, fedha ambayo haifiki nusu ya nauli ya daladala. Kinachoumiza ni kuinunua betri upya, kwa hiyo uitunze: usiiache juani, usiimalize kabisa, na kama safari ya kesho ni fupi, asilimia 80 inatosha.

Uendeshaji wenyewe unafuata fizikia ileile. Mwenye mota ya kati ashushe gia kabla mlima haujamkaba, na alegeze mguu kwa nukta moja anapobadilisha, kwa sababu kubadilisha gia mota ikivuta ndiko kunakokata cheni. Mwenye kitovu aukabili mlima na mwendo, asisimame katikati. Akiona ameshuka chini ya kilomita 10 kwa saa na bado kuna urefu, ashuke asukume, au aipumzishe mota kivulini. Mvua za masika zikija, waya uingie kitovuni ukitokea chini, ili maji yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani. Na asioshe mota kwa maji ya presha.

Kwa anayeishi tambarare, ushauri wangu ni kitovu chenye gia, betri ya fosfeti ya wati-saa 500 au zaidi, na breki mpya. Kwa anayeishi Lushoto, Bukoba, Mbeya au Kigali, ni mota ya kati, gia za ndani, cheni pana, na betri ya pili kama anabeba mzigo. Ila mota ya kati ya kampuni kubwa huja na sharti lake. Baadhi ya mifumo hiyo haikubali betri ya kampuni nyingine, na hitilafu ikitokea inajifunga hadi isomwe kwa kompyuta ya wakala. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji ni nani katika mji huu mwenye kompyuta hiyo. Kitovu chenye nyaya tatu nene na tano nyembamba fundi wa mtaani anaweza kukipima kwa mita ya umeme na kujua ni kihisi, koili au kontrola. Waagizaji walete basi gia za nailoni, vihisi na kontrola kwa wingi uleule wanaoleta baiskeli, na viwango vyetu vya ubora vidai kila betri iandikwe kemia yake na volti ya kujaa, kwa Kiswahili, kwenye ganda lake, isomeke na yule anayeshika chaja.